Maswali ya Wasomaji: Tuzipangeje Taarifa za Vitu vya Angani Visivyotambuliwa?

SWALI: Kwa miaka 11 nimekuwa nikiandika katika madaftari taarifa za watu walioona vitu vya ajabu angani katika eneo letu, na sasa zimefika 84. Nataka kuzipanga ziwe katalogi moja yenye maelezo ya kila tukio. Nilianza kwa kuzigawa katika mafungu matatu, yaani setilaiti, ndege na vyombo vya kigeni, lakini kila nikizisoma upya najikuta nahamisha taarifa zilezile kutoka fungu moja hadi jingine. Nakosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, madaftari yako ni hazina, na tatizo lako limewasumbua hata wataalamu. Mafungu uliyochagua yanadai jibu lijulikane kabla swali halijasomwa. Neno "setilaiti" ni hukumu inayofikiwa mwishoni, ilhali aliyekuja kwako hakuona setilaiti. Aliona nukta nyeupe ikipita kimyakimya kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki kwa muda wa dakika nne hivi, kisha ikafifia kabla ya kufika upeo wa macho. Ukiiandika hivyo, taarifa itatulia mahali pake hata maoni yako kuhusu chanzo chake yakibadilika mara kumi.

Mwanaastronomia J. Allen Hynek, aliyelishauri Jeshi la Anga la Marekani kuhusu taarifa hizi kwa takriban miaka 20, alipendekeza mwaka 1972 mafungu yanayofuata namna kitu kilivyoonekana: taa za usiku, visahani vya mchana, vitu vilivyonaswa na rada huku vikionekana kwa macho, na matukio ya karibu, yaani yaliyotokea jirani na shahidi, ya daraja tatu. Mradi aliokuwa akiushauri, ambao katika miaka yake ya mwisho uliitwa Blue Book, ulifungwa mwaka 1969 ukiwa na taarifa 12,618, na 701 kati ya hizo zilibaki bila kutambuliwa. Idadi hiyo hutajwa mno na wanaoamini na wasioamini, lakini binafsi naitumia kwa tahadhari, kwa kuwa Hynek mwenyewe alilalamika baadaye kwamba taarifa iliyoandikwa "huenda ni ndege" iliweza kuingizwa katika hesabu za mwaka kama ndege. Neno "huenda" likishapotea, hakuna awezaye kulirudisha.

Kwa hiyo, katika safu ya hukumu, yaani ile utakayoandika kama tukio limepata maelezo au la, nakushauri uwafuate Wafaransa. Shirika lao la taifa la anga za juu, CNES, lina kitengo cha kazi hii mjini Toulouse tangu mwaka 1977, na leo kinaitwa GEIPAN. Kitengo hicho hutumia herufi nne. A ni tukio lililotambuliwa bila shaka, B ni lile ambalo maelezo yake yanaelekea kuwa sahihi, C ni lile lisiloweza kuamuliwa kwa sababu habari zake ni haba, na D ni lile ambalo lina habari za kutosha, limechunguzwa, na bado halijapata maelezo. Tofauti kati ya C na D ndiyo inayoipa katalogi heshima yake. Mtu akikuambia tu kwamba "mwaka juzi niliona taa kubwa", hilo ni C, na litabaki C milele. Ukilihesabu pamoja na D utawafanya wasomaji wako waamini kuna fumbo pahali ambapo kuna upungufu wa habari tu. Nabashiri kwamba ukizipitia taarifa zako 84 kwa uaminifu, C zitakuwa nyingi kuliko unavyopenda.

Sasa tuje kwenye kile cha kuandika. Andika maneno ya shahidi kama alivyoyasema, hata yakiwa yamekaa vibaya. Tarehe 24 Juni 1947 rubani Kenneth Arnold aliona vitu tisa karibu na mlima Rainier nchini Marekani, akasema viliruka kama kisahani kinachorushwa juu ya maji kikawa kinadunda. Alikuwa akieleza mwendo. Magazeti yakageuza mwendo kuwa umbo, "visahani vinavyoruka" vikazaliwa, na watu wengi waliofuata wakaripoti visahani. Neno moja lililofupishwa na mwandishi lilitosha kuchafua taarifa za miaka mingi.

Saa na tarehe zinatudai uangalifu zaidi sisi tunaoandika Kiswahili. Shahidi akisema "saa nane", huenda amehesabu kwa saa za Kiswahili, na huenda ametazama saa ya simu iliyosomeka 8. Akisema "usiku wa Ijumaa", wapo wanaokusudia usiku wa kuamkia Ijumaa na wapo wanaokusudia usiku unaofuata mchana wa Ijumaa. Muulize papo hapo, kisha andika kwa mfumo wa saa 24 ukiambatanisha tarehe kamili. Setilaiti hupita kwa dakika, na kosa la usiku mmoja linatosha kuharibu ulinganisho wote.

Ukubwa na urefu kutoka ardhini usiviulize kwa mita, kwa maana jicho peke yake haliwezi kupima ukubwa wa kitu kisichojulikana kilicho katika anga tupu. Mwombe shahidi asimame pale aliposimama, anyooshe mkono mbele na kukunja ngumi. Upana wa ngumi hiyo ni takriban nyuzi 10 za anga, na upana wa kidole kidogo ni takriban uzi mmoja. Mwezi mpevu una nusu uzi tu, kwa hiyo kidole kidogo huuziba wote na kubakiza nafasi, jambo ambalo watu wengi hawaliamini mpaka walijaribu. Akikuambia kwamba taa ilikuwa ngumi mbili juu ya upeo wa macho, upande wa magharibi, umepata kitu kinachoweza kulinganishwa na ramani ya nyota ya usiku ule.

Baada ya hapo panga taarifa zote kwa saa na tarehe kabla ya kuzipanga kwa mahali. Hapo ndipo katalogi ya eneo zima inapoanza kufanya kazi ambayo daftari la mtu mmoja haliwezi. Usiku wa tarehe 14 Septemba 1994 watu wa sehemu mbalimbali za kusini mwa Afrika waliona mianga ikikatiza anga. Kila mmoja angeweza kudhani imepita juu ya paa lake, lakini taarifa zikiwekwa pamoja zinachora njia moja, na chanzo kilikuwa sehemu ya roketi ya Kirusi aina ya Zenit ikirejea katika angahewa na kuungua. Kimondo cha kawaida hutoweka ndani ya sekunde chache. Mabaki ya roketi huja polepole, huvunjika vipande vinavyofuatana kwa mstari, na yanaweza kuonekana kwa dakika nzima au zaidi. Vipande hivyo hudanganya. Chombo cha Kisovieti Zond 4 kilipohusishwa na mianga iliyoonekana Marekani tarehe 3 Machi 1968, baadhi ya mashahidi walieleza chombo kimoja kirefu chenye safu ya madirisha yenye mwanga. Macho yao yaliona nukta zilizopangika, akili ikazijengea ukuta wa kuzishika.

Siku mbili baada ya roketi ile ya 1994, watoto wapatao 60 wa shule ya Ariel huko Ruwa, Zimbabwe, walisema wameona chombo na viumbe karibu na uwanja wao. Je, matukio haya mawili yaingie pamoja? Hapana. Yape namba mbili na uandike kwamba yamefuatana, kwa kuwa habari za mianga zilikuwa bado zinazungumzwa, na hilo ni jambo la kupimwa. Maelezo ya roketi hayalijibu tukio la watoto, wala ushuhuda wa watoto hauirudishi roketi kwenye fumbo.

Ukichora ramani, usishangae ikifanana na ramani ya miji na barabara. Taarifa hutoka waliko watu walio macho na walio nje.

SWALI: Mzee mmoja anayeheshimika sana kwetu alinieleza kwamba taa kali ilimfuata njia nzima alipokuwa akirudi nyumbani baada ya machweo. Nilipohesabu nikaona ni sayari ya Zuhura, nikamwambia, naye akahisi nimemwita mwongo. Ningefanyaje?

JIBU: Ungeanza kwa kumwambia kwamba kila alichokiona alikiona kweli, kwa sababu ndivyo ilivyo. Zuhura ndiyo nuru kali kuliko zote angani baada ya jua na mwezi. Mtu akitembea, miti na nyumba za karibu hurudi nyuma yake, lakini kitu kilicho mbali mamilioni ya kilomita hakionekani kusogea, kwa hiyo macho husema kinafuatana naye. Akisimama, nayo husimama. Mzee wako alieleza jambo hili barabara kabisa, na kama asingalilieleza vizuri wewe usingeweza kuitambua sayari.

Tena ana wenzake wakubwa. Jimmy Carter, aliyekuja kuwa rais wa Marekani mwaka 1977, aliandika taarifa mwaka 1973 kuhusu mwanga aliouona pamoja na watu wengine katika mji mdogo wa jimbo la Georgia. Tarehe aliyoikumbuka ilikuwa ya Oktoba 1969. Mchunguzi mmoja alipofuatilia kumbukumbu za mkutano aliokwenda kuhudhuria jioni ile, alikuta ulifanyika tarehe 6 Januari 1969, na kwa tarehe hiyo Zuhura ilikuwa upande uleule wa magharibi. Baadaye likatolewa pendekezo jingine, kwamba lilikuwa wingu la bariamu lililoachwa juu sana na roketi ya utafiti, nalo pia linategemea tarehe iliyosahihishwa. Hakuna aliyemwita Carter mwongo. Kumbukumbu yake ilikosea miezi tisa, na mengi mengine iliyashika.

Rudi kwa mzee, na ikiwezekana nendeni pamoja njia ileile jioni Zuhura ikiwa magharibi tena. Msimamishe mahali ambapo anaweza kuilinganisha taa na ncha ya nguzo. Akisema "ndiyo hii", andika A. Akisema haikuwa hii, na akakueleza tofauti, andika tofauti hizo zote na uondoe hukumu yako ya Zuhura, maana inawezekana amekuzidi.

SWALI: Nimetumiwa video ya simu inayoonyesha kitu cha kijani kikicheza juu ya taa za barabarani. Niiweke katika katalogi?

JIBU: Iweke, lakini mwombe mwenye video faili la asili kutoka kwenye simu yake, kwa sababu nakala zinazotumwa kwa programu za ujumbe mara nyingi hubanwa na kupoteza saa na mahali ziliporekodiwa. Muulize pia kama alikiona kwa macho au alikigundua baadaye kwenye kioo cha simu. Jibu la pili ni la kawaida, nalo huelekeza kwenye mwakisi ndani ya lenzi. Simamisha video, weka alama katikati kabisa ya picha, kisha chora mstari kutoka taa kali ya barabarani ukipitia alama hiyo hadi upande wa pili. Kama kitu cha kijani kiko kwenye mstari huo, kwa umbali sawa na ule wa taa kutoka katikati, na kinahama kinyume kila mkono wa mpiga picha unapotikisika, basi ni taa ileile iliyopinduliwa na vioo vya kamera. Taa zikiwa tatu, utakuta nukta tatu za kijani kwa mpangilio uleule, kichwa chini. Andika A, na uhifadhi video pamoja na mistari uliyoichora, ili atakayekufuata aone ulivyofikia hukumu yako.