Yuko darasani, hata kama yuko mezani

Januari hii nyumba yangu imegawanyika mara tatu. Wa kati anaingia Gredi ya 10, shule ya bweni, na sanduku lake limekaa wazi sebuleni siku ya nne sasa. Kitinda mimba yuko Gredi ya 5, shule ya kutwa, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Kifungua mimba aliingia chuo kikuu mwaka jana, na baadhi ya masomo yake yanafundishwa mtandaoni kwa Google Meet, kwa hiyo siku mbili kwa wiki chuo chake ni meza yetu ya kulia hapa Kisauni, Mombasa. Dada yangu aliniuliza juzi tunajipangaje, wengine wakisomea shuleni na mwingine nyumbani. Nilimjibu kwa mkato kwa sababu mchele ulikuwa motoni. Hapa nitasema yote.

Machi 2020, korona ilipoingia Kenya, ndiyo iliyonifunza. Jumapili ya tarehe 15 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza shule zifungwe, na Jumatatu nikaamka na watoto watatu ndani: mmoja wa darasa la 8 anayesubiri KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mmoja wa Gredi ya 4, lile kundi la kwanza la CBC, mtaala mpya, ambalo kila kitu hujaribiwa juu yao, na mdogo wa PP1, mwaka wa kwanza wa awali. Simu yenye intaneti ilikuwa moja, yangu. Nami ni karani katika duka la jumla; saa moja asubuhi natoka, na simu natoka nayo.

Mwalimu akituma kazi kwenye kundi la WhatsApp saa mbili, mimi niko kaunta. Jioni narudi mbio kuiwahi kafyu, simu ina chaji kiduchu, bando limekwisha, na watoto wawili wanaivuta huku na huku. Nilidhani dawa ni simu ya pili. Nikakopa chamani, nikanunua. Pesa ile naijutia mpaka leo. Sasa walikuwa na simu mbili za kugombania, na mabando mawili ya kwisha.

Kilichotuokoa ni kitu kidogo mno hata naona haya kukiita mbinu: nilitenganisha kazi ya karatasi na kazi ya simu. Usiku baada ya kula tunafungua kundi pamoja. Kila mtoto ananakili maswali yake kwenye daftari, kwa mkono, tarehe juu. Akimaliza wa mwisho, data inazimwa. Asubuhi wanaamka wakikuta kazi iko mbele yao, haitaki mtandao wala haimtaki mama. Jioni napiga picha majibu, natuma, tunanakili ya kesho. Robo saa ya bando ikawa inatosha siku nzima. Katikati ya mchana kulikuwa na vipindi vya masomo vya redio ya KBC, na huyo wa darasa la 8 alivipenda kuliko nilivyotarajia. Redio haina bando.

(Kuna usiku nilituma insha ya wa kati kwenye kundi la chama badala ya kundi la darasa. Mweka hazina wetu ni mwalimu mstaafu. Aliisahihisha yote, akanirudishia ujumbe wa sauti: “Mwambie mjukuu wangu nukta ikishawekwa inafuata herufi kubwa. Na huyu simba, sokoni aliingiaje bila mtu kumwona?” Mwaka ule hakupata masahihisho mazuri kushinda hayo.)

Zile tarehe juu ya ukurasa nilizidai kwa mazoea tu, sikujua zingekuja kufaa. Tarehe 12 Oktoba wanafunzi wa Gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 waliitwa warudi. Mwalimu wa wa kati akawauliza mmoja mmoja wamefika wapi, na wengi hawakuwa na la kusema. Wangu alifungua daftari. Msidhani alikuwa mbele. Kwenye hesabu za sehemu alikuwa amekwama tangu Julai, na kurasa zilionyesha hivyo waziwazi, kosa lile lile wiki baada ya wiki. Lakini mwalimu alipata pa kuanzia.

Oktoba hiyo hiyo ndipo nilipokosea vibaya zaidi, kwa yule mdogo. Wenzake wangengoja hadi tarehe 4 Januari 2021. Kaka zake wakavaa sare na barakoa wakaenda zao, yeye akabaki na mamangu. Akili yangu yote ilikuwa kwa wale wawili: barakoa za kubadilisha, sabuni, nauli. Siku ya tatu mamangu akanipigia kazini. “Mwanao amevaa sare, amekaa kizingitini tangu asubuhi. Nikimwita anasema kengele haijalia.”

Kesho yake bibi alichukua mwiko akagonga sufuria saa mbili kamili. Saa nne akagonga tena, uji. Saa sita akagonga, shule imekwisha. Katikati walihesabu kunde, wakachora, wakaimba, na sare tukamwachia avae. Kwa hiyo kama nyumbani kwako kuna anayekwenda na anayebaki, mwandalie kwanza anayebaki. Anayekwenda atakuta kengele, mwalimu na rafiki zake wakimngoja. Huyu wa nyumbani atakuta ulichomwekea wewe, na kama hukuweka kitu atakaa kizingitini.

Sasa huyu wa chuo. Muhula wa kwanza alikuwa akihudhuria kitandani, kamera amezima, kipaza sauti amezima, na nina hakika macho pia alikuwa ameyazima. Nikajiandaa kumgombeza, halafu nikakumbuka mwenye nyumba ni mimi. Mara ngapi nimemkatiza katikati ya somo? “Hebu kimbia uniletee nyanya na dania.” Mgeni akija, anaitwa atoke asalimie. Mtu mzima akimwona kijana yuko ndani saa nne asubuhi, anajua hana kazi, na akimwona na kompyuta anajua anacheza. Siku moja mhadhiri aliita majina na mwanangu alikuwa njiani na nyanya zangu mkononi. Akaandikwa hayupo. Alipokuja kuniambia hata hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma.

Ratiba yake sasa imebandikwa kwenye friji. Saa hizo anakaa mezani, amevaa shati, anaandika kwenye daftari kama mtu aliye ukumbini. Na tumebadilisha neno moja. Akija mtu kumuulizia hatusemi yuko kwenye kompyuta, tunasema yuko darasani. Shangazi yake alicheka mara ya kwanza. Mara ya pili aliketi sebuleni akanong'ona saa nzima, na redio ya jikoni akaizima mwenyewe.

Mengine ni madogo. Tokeni za stima nunua jana yake, usisubiri mita ilie katikati ya jaribio. Vifaa vya masikioni vyenye kipaza sauti, hata vya bei ya chini, vinaokoa amani ya nyumba. Vitabu na video nzito azipakue chuoni kwenye WiFi kabla ya kurudi nyumbani. Kuhusu huyu wa bweni sina ushauri, nina risiti tu.

Najua kuna watakaoniambia korona ilishapita. Ilipita. Lakini 2024 yalikuja mafuriko: muhula wa pili ulikuwa ufunguliwe tarehe 29 Aprili, ukasogezwa hadi tarehe 6 Mei, kisha 13 Mei. Kwetu daftari zilitoka kabatini usiku ule ule. Ndiyo maana mipango hii naifanya Januari. Siku ya tangazo kila mzazi anampigia mwalimu, na mwalimu naye ana watoto wake ndani.

Wiki ya kwanza ya kila mwaka namwendea mwalimu wa darasa na maswali mawili. La kwanza: ikibidi wasome nyumbani, kazi itatumwa wapi na saa ngapi? La pili: asiye na simu ataipataje kazi hiyo? Hili la pili nauliza ingawa simu ninayo, maana 2020 mtoto wa jirani alikuwa anakuja kunakili maswali kwetu usiku, amechuchumaa chini ya taa ya baraza, na mimi nilikuwa nimeshazoea kumwona pale bila kujiuliza wenzake wanafanyaje.

Mwaka huu mwalimu wa kitinda mimba amenijibu bila kusita: Jumapili saa kumi na mbili jioni kwenye kundi, na nakala moja ya karatasi itaachwa kwa bawabu langoni. Nimeiandika kwa kalamu nyekundu ndani ya mlango wa kabati, chini ya tarehe ya kulipa maji.