Mwenye besi na kompyuta, anzia kwenye taarab

Vijana wa hapa Lamu huniuliza vipi mtu aishi kwa kupiga besi kubwa ya kusimama, bila nota, huku kompyuta ikiidaka sauti na kuigeuza palepale. Nawaambia kwanza waende kwenye taarab. Wengi hawalipendi jibu hilo, lakini mimi naliamini kwa moyo wote.

Shingo ya besi haina vyuma vya kugawa sauti kama gitaa, kwa hivyo robo za sauti za bayati, moja ya maqamu (ngazi za sauti) za taarab, zimo vidoleni mwako. Msikilize mpiga udi anapopiga taksim, yaani kipande anachokibuni peke yake: anakaa ndani ya maqamu, anatoka kidogo, anarudi, kisha ananyamaza. Jifunze kunyamaza huko, maana mashine haichoki kujibu. Tena harusi zinalipa, na mpiga besi mzuri huitwa mpaka Malindi.

Kompyuta ije baadaye, na hapa nawasihi muielewe besi yenyewe kabla ya kununua chochote. Uzi wake mnene kabisa hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde, yaani mtetemo mmoja huchukua kama milisekunde 24. Programu inayotafuta jina la nota huhitaji kama mitetemo miwili kabla ya kuwa na hakika. Hata kompyuta ya bei kubwa haiwezi kuukwepa ucheleweshaji huo. Kwa hiyo sauti za chini usizifanye swichi ya kuamsha kitu. Acha programu ifuate nguvu ya upinde, mkwaruzo wake, au mpigo wa kiganja kwenye ubao. Hayo huyatambua upesi zaidi. Programu ya Pure Data, ya Miller Puckette, inafanya kazi hiyo, nayo ni ya bure.

Pikapu ya piezo, kile kidude kinachobandikwa kwenye besi kudaka mtetemo wake, usiichomeke moja kwa moja kwenye mikseri ya ukumbi, besi itasikika nyembamba na kali. Inataka priampu (kikuza sauti cha awali) yenye ukinzani wa kuingilia wa megaohmu 1 au zaidi.

Wala si lazima kompyuta uiendeshe wewe. Katika kundi la mpiga saksafoni Evan Parker, Electro-Acoustic Ensemble, Barry Guy alipiga besi yake huku wenzake jukwaani wakiichukua sauti na kuigeuza. Ukimpata mwenzako wa namna hiyo, mwenye masikio, mshike. Mikono yako miwili ina kazi ya kutosha. Na kama unapenda kuwa peke yako, jua kwamba mpiga besi Barre Phillips alirekodi besi tupu, peke yake, akibuni papo hapo, London mwaka 1968. Njia hiyo ilishafunguliwa.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine: chumvi. Hula plagi na soketi, na unyevu wa masika huvimbisha mbao. Futa plagi kila baada ya onyesho, na besi usiiegemeze kwenye ukuta wa matumbawe unaotoa maji.

Ukiitwa nje ya kisiwa, nauli ya boti mpaka Mokowe, ya besi na ya vifaa, iandikwe kando na malipo yako. Omba pia muda wa kujaribu sauti kabla wageni hawajaingia. Mwenye hoteli akikataa hilo la pili, mpigie besi tupu, kompyuta iache nyumbani.