Shangazi, mume wangu ananiuliza kama maua yanaliwa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nina miaka 61, naishi Mbeya. Mume wangu alistaafu miaka miwili kabla yangu. Kazi yake ilikuwa ya safari, kwa hiyo zaidi ya miaka 30 nyumba niliiendesha mimi, yeye anakuja mwisho wa mwezi. Sasa tuko wote kutwa kucha. Anaingia jikoni kuhesabu nyanya. Anauliza mkaa wa juzi umeishaje. Nikikaa barazani kupumzika, anauliza kama leo hakuna kazi. Tunagombana kwa mambo madogo mpaka naona aibu.

Mwezi wa pili mwaka huu akina mama wa kanisani walikodi koste kwenda Hifadhi ya Kitulo, huko milimani, kuangalia maua, nikaenda nao. Shangazi, miaka 36 nimechora ua ubaoni, petali, sepali, stameni, watoto wananakili. Siku ile nilisimama katikati ya maua nisiyoona mwisho wake, nikatokwa na machozi. Tangu hapo nataka kurudi, na nataka turudi wawili. Nimemwambia mara tatu. Jibu lake ni moja: "Kwani maua yanaliwa?" Binti yetu mkubwa naye anasema, mama tulia, hiyo hela nunua saruji tumalizie vile vyumba vya kupangisha. Wajukuu wawili wameletwa tangu Juni, na nikitaka kutoka naulizwa watoto namwachia nani.

Je, nimekosea? Au uzeeni mtu anatakiwa kutulia tu?

Mwalimu mstaafu, Mbeya

Marahaba, mwalimu wangu. Hujakosea. Rudi Kitulo mwezi wa pili ujao, na maandalizi yaanze leo.

Ile sehemu ya petali na stameni nimeirudia kuisoma. Mtu aliyechora kitu ubaoni miaka 36, kwa chaki nyeupe, kisha akakikuta kimejaa nchi nzima kwa rangi zake zote, angefanya nini zaidi ya kulia? Usiwaombe radhi wale akina mama wa koste, wala usimwombe radhi mzee nyumbani.

Lakini nianze na nyanya, kwa sababu naona ndizo zinazokuumiza kila siku, na safari ya Kitulo ni siku moja tu katika mwaka.

Nilipostaafu ukunga, wiki za mwanzo niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikapiga pasi gauni, nikakaa nalo kitandani sijui niende wapi. Mume wangu alikuwa amenitangulia kustaafu. Nilikuta amehamisha sukari, chumvi na viberiti kutoka rafu niliyovizoea kwenda rafu aliyoiona yeye inafaa. Nilikasirika siku tatu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba yule mtu hakuwa ananipekua. Alikuwa anatafuta mahali pa kushika. Kazini alikuwa na meza, na funguo, na watu waliomsubiri aseme neno. Nyumbani kila kitu kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ni mimi.

Mumeo yuko hapo hapo, tena kwake ni pagumu zaidi, maana hakuwahi kukaa nyumbani. Nyumba hiyo anaijua kama mgeni wa mwisho wa mwezi anavyoijua. Anahesabu nyanya kwa sababu nyanya zinahesabika.

Kwa hiyo usimwambie "nisaidie". Msaidizi husubiri kutumwa, na mwanaume aliyezoea kutuma atachoka kutumwa baada ya siku mbili. Mwachie eneo zima liwe lake. Kama ni soko, basi yeye ndiye anayeandika orodha, yeye ndiye anayekwenda, na akirudi na nyanya zilizopondeka mnakula hizo hizo bila maneno. Kama ni kuku, wawe kuku wake, hesabu ya mayai iwe kwake. Kama ni mkaa, basi aununue yeye na ajue mwenyewe umeishaje. Jambo gumu litakuwa upande wako: kunyamaza anapofanya tofauti na ulivyokuwa ukifanya. Mimi sukari niliiacha kwenye rafu yake. Iko huko mpaka leo.

Na jikoni nako, mpangiane saa. Asubuhi mpaka baada ya chai ni kwako peke yako, mwambie hivyo kwa upole, siku ambayo hamjagombana. Mwambie pia kwamba barazani ni mahali pako pa kukaa bila kuulizwa. Umesimama mbele ya darasa miaka 36, mwalimu. Miguu yako imeshalipa.

Sasa Kitulo. Hapa nataka nikuonye kitu kimoja kabla sijashangilia: usitake mumeo ayapende maua. Nimefika Kitulo na mume wangu mara nne, na sijawahi kumwona akiinama kutazama hata ua moja. Safari ya kwanza niliumia. Nilimwita, "Njoo uone hii okidi," akaja, akasema "Ehe," akarudi barabarani kuongea na askari wa hifadhi kuhusu ng'ombe wa maziwa wa shamba la serikali lililoko huko juu. Alirudi nyumbani amechangamka kuliko mimi. Usiku ule alizungumza mpaka taa ikazimwa: ng'ombe, bei ya viazi mviringo, kona za barabara, ile baridi. Tangu lini alikuwa amenisimulia siku yake? Nikaacha kumwita kwenye okidi. Mimi natazama maua yangu, yeye anatazama viazi vyake, chai tunakunywa pamoja.

Basi na wewe usimwalike kwenye maua. Mwambie hivi: nataka kwenda Kitulo mwezi wa pili, nahitaji mtu wa kunipangia njia. Mtu wa safari huyo, atashindwa kukataa barabara? Mwambie achague: kupita Isyonje, kwenye barabara ya Tukuyu, au kwenda mpaka Chimala na kupanda kwenda Matamba kwa ile njia iitwayo Hamsini na Saba, kwa kuwa ina kona 57. Mwachie ajadiliane na wenye magari. Masika njia hizo zina utelezi, kwa hiyo gari liwe la kupanda milima na dereva awe anayezijua. Kama bado atasema hapana, usimbembeleze mara ya tano. Nenda na shoga yako au na wale akina mama. Ukirudi, msimulie mambo ya barabara kwanza.

Kwa nini nasema mwezi wa pili? Maua hayo yanafuata mvua. Huko juu, takribani meta 2,600 kutoka usawa wa bahari, yanaanza kushamiri mwezi wa kumi na mbili na kuendelea mpaka wa nne. Ukienda Juni au Julai utakuta ukungu, baridi kali na majani makavu, na mzee atakuwa na haki ya kukuuliza ulichokifuata. Wewe uliona uwanda mmoja kutoka barabarani, naamini, kwa sababu koste haziwezi kwenda mbali. Safari hii ombeni mwongoza wageni mtembee kwa miguu. Hakuna simba wala tembo wa kuwaogopesha kwenye nyasi zile, na ndiyo raha yake: unatembea taratibu kwa mwendo wa umri wako. Tazama chini kwanza. Kuna okidi aina 45 zinazoota ardhini, nyingine ndogo kiasi kwamba utazipita ukiangalia mbali. Kuna yale marefu ya rangi ya moto, yamesimama kama mienge. Ukiinua macho utamwona mbayuwayu wa bluu, anayekuja kuzaliana huko msimu wa mvua, na ukibahatika, yule ndege mkubwa aitwaye tandawala akitembea peke yake nyasini kwa madaha.

Wenyeji walipaita Bustani ya Mungu kabla serikali haijapatangaza kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Na mumeo akiuliza tena kama maua yanaliwa, mwalimu, mjibu kwa utulivu kwamba ndiyo, yanaliwa, na nusura yamalizwe. Viazi vya okidi hizo vilikuwa vinachimbwa kwa magunia na kuvushwa kwenda Zambia, ambako vinasagwa na kupikwa na karanga kuwa chikanda, chakula kinachopendwa sana huko. Kila kiazi kilichochimbwa ni mmea mmoja uliokwisha. Uchimbaji huo ni mojawapo ya sababu zilizofanya eneo lile, kilomita za mraba zaidi ya 400, lilindwe. Nakusimulia haya kwa sababu najua mwalimu hawezi kukaa na jambo kama hilo bila kumfundisha mtu, na pia ili usije ukashawishika kung'oa hata shina moja la kupanda nyumbani. Halitaota, na hairuhusiwi.

Hapo kwenye kupanda nyumbani nisikilize pia, kwa sababu kutoka sasa mpaka Februari ni miezi minne na huwezi kuipitisha ukisubiri. Mbeya yenu ina ubaridi unaopendwa na waridi na jeraniamu. Omba vipandikizi kwa jirani, anza na makopo mawili ya rangi yaliyotobolewa chini, uyaweke pale pale barazani unapoulizwa kama leo hakuna kazi. Na Oktoba hii hii, mwombe mtu mwende jioni moja barabara ya Chunya, mkishavuka mlima. Miti ya miombo sasa inatoa majani machanga kabla mvua haijanyesha, na yanatoka mekundu, mengine rangi ya shaba, ndipo baadaye yanageuka kijani. Mgeni angedhani ni maua. Nauli yake ni ndogo na mnarudi kabla ya giza.

Wajukuu wachukue. Sisemi hivyo kwa kuwa hakuna wa kumwachia, bali kwa kuwa wewe una kitu cha kuwaonyesha ambacho mama yao hana nafasi nacho. Ila wafundishe kutochuma na kutotia midomoni. Kuna ua moja linalotambaa vichakani wakati wa mvua, petali zake nyekundu zenye kingo za njano zimejikunja kwenda juu kama ndimi za moto, zuri mno. Lina sumu lote, na kiazi chake ndicho kibaya zaidi. Nimewahi kushuhudia wasiwasi wa mama aliyemkuta mtoto na kipande mkononi. Hakuwa amekula, namshukuru Mungu.

Kwa binti yako niwe mkali kidogo. Saruji ni jambo jema na vyumba vya kupangisha vitawafaa. Lakini pensheni ni jasho lako, na mtu aliyekuletea watoto wawili wa kulea tangu Juni tayari anapokea kutoka kwako mchango mkubwa kuliko mifuko kumi ya saruji. Mpigie simu, usimwandikie ujumbe. Mwambie hivi: "Mwanangu, wajukuu nawapenda na nawalea kwa moyo. Mwezi wa pili nina safari ya siku moja, na kila mwezi nahitaji Jumamosi mbili zangu. Panga watakaa na nani." Usieleze zaidi. Ukianza kueleza sana, itaonekana unaomba ruhusa.

Hela usiitafute kwa mkupuo. Kila pensheni ikiingia, toa kidogo uweke kando mpaka Februari. Ulizia kiingilio mapema, cha raia ni nafuu kuliko cha wageni, na uulize namna ya kulipa kabla hamjaondoka, msije mkafika getini na noti mkononi mkaanza kuhangaika na mtandao. Kama wewe au mzee mna presha, pita zahanati wiki moja kabla, maana kule juu hewa ni nyepesi na pumzi inakata haraka. Ondokeni alfajiri. Bebeni sweta mbili mbili, makoti ya mvua, gambuti kama mnazo, chapati kwenye hotipoti na chupa kubwa ya chai ya tangawizi. Mvua huwa inapenda kuanza mchana.

Mume wangu yuko hapa pembeni anachambua maharage, nimemsomea barua yako. Anakusalimu. Anasema umwambie mzee akifika Matamba aulizie gunia la viazi linauzwaje, kisha atujulishe.

Shangazi