Je, kulia baada ya kupata ulemavu ni kukosa subira?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Miaka miwili iliyopita nilipata ajali, nikapooza miguu. Siku hizi moyo wangu umetulia na swala naionea utamu kuliko zamani, lakini kuna usiku bado nalia. Ndugu zangu husema mwenye subira halii. Je, ni kweli? Na kwa kuwa nimebadilika hivi, natakiwa niifurahie ajali? Tena mama ndiye anayenimiminia maji ya udhu, naona haya.

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah, binti yangu. Si kweli.

Nabii Yaaqub (a.s.) alimhuzunikia mwanawe Yusuf aliyempotea mpaka macho yake yakawa meupe (Yusuf: 84). Upofu wake ulitokana na msiba. Wanawe wakamkemea kwamba hataacha kumkumbuka Yusuf mpaka adhoofike au aangamie. Hayakupishana sana na unayoambiwa wewe. Akawajibu kuwa huzuni yake anamshitakia Allah, kisha papo hapo, naye haoni, akawaagiza waende wakamtafute Yusuf na nduguye, wala wasikate tamaa na rehema ya Allah. Huyo ndiye aliyesema "subira njema". Kila nikifika aya hizi husimama kidogo: mzee analia, na huku anawatuma watu safari. Mtume wetu (s.a.w.) naye alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Kinachozuiliwa ni ulimi kumlaumu Mola.

Kuhusu kuifurahia ajali, hapana. Allah hakukutaka upende maumivu. Mshukuru Yeye kwa alichokiotesha moyoni mwako, na miguu yako uililie ukihitaji. Mawili hayo hukaa katika kifua kimoja. Nami nawaomba ndugu zako wasimpimie mgonjwa mwingine kwa kipimo chako, kwani asiyeona mabadiliko haya hajapungukiwa imani. Usiku ukizidi kuwa mzito, mwone mshauri wa afya ya akili. Mtume ametuamrisha kutafuta tiba.

Swala zako za kusimama, ambazo sasa huziwezi, zisikutie unyonge. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwamba mja akiugua huandikiwa mfano wa aliyokuwa akiyafanya akiwa mzima.

Na ile haya ya udhu: sahaba Mughira bin Shu'ba alimmiminia Mtume maji safarini, naye akatawadha. Kunja mikono ya nguo yako, binti yangu, mwache mama amimine.