Maswali na majibu: Picha za zamani za Mto Kongo

Nina kadi ya posta ya Wagenia wakivua kwenye maporomoko. Muhuri ni wa 1926. Picha ilipigwa mwaka huo?

Si lazima. Muhuri unaonyesha kadi ilipita posta lini, basi. Wachapaji waliuza picha ileile miaka kadhaa, na mnunuzi aliweza kuikalia kadi kabla ya kuituma. Soma yaliyochapwa: "État Indépendant du Congo" ni jina la 1885 hadi 1908, na "Congo Belge" ni la 1908 hadi 1960. Hata hapo unapata kipindi cha uchapaji tu, maana picha yenyewe inaweza kuwa ya zamani zaidi. Madema (mitego ya samaki) makubwa yanayoning'inia kwenye majukwaa ya miti hayatakusaidia. Waenya, ndio hao Wagenia, waliendelea kuyajenga hivyo vizazi kwa vizazi. Angalia ukingoni nyuma yao: majengo, meli, nguzo.

Tena usiyaamini maelezo ya kadi. "Stanley Falls" ni maporomoko 7 ya Boyoma, yaliyotapakaa karibu kilomita 100. Wavuvi hao wako kwenye la mwisho, Kisangani. Andika mahali halisi kwa penseli kwenye bahasha, si kwenye kadi.

Nitajuaje kama ni chapa ya awali?

Swali hili linaletwa kila mara na picha ya simu isiyoonyesha chochote. Chukua kioo cha kukuzia mara 10, taa iangaze kwa upande, tazama mawingu na maji, maana ndipo rangi inapofifia taratibu. Ukiona vitone vimepangwa mistari kama wavu, ni chapa ya vitone: ya vitabu, magazeti na nakala za baadaye. Punje zilizojikunjakunja mfano wa vijinyoo, bila mpangilio, ni fototipia, iliyochapwa kwa jelatini juu ya kioo. Kadi nyingi za Kongo za mwanzoni mwa karne ya 20 ni za namna hii. Usipoona punje wala kitone, huenda ni fotografia halisi, na sehemu nyeusi zikiinamishwa kuelekea mwanga hung'aa kama fedha.

Michoro ya safari ya Henry Morton Stanley, mpelelezi aliyeshuka Mto Kongo, katika kitabu chake cha 1878, ilichongwa kwenye mbao. Lazima uone mistari. Ukiona vitone ndani ya mistari hiyo, umeuziwa nakala. Na usimnunulie mtu anayekata kurasa za kitabu kizima: anaharibu kitabu, na picha inabaki bila ushahidi wa ilikotoka.

Niipeleke laminesheni isiharibike?

Usithubutu. Joto na gundi haviondoki tena. Seloteipu vilevile: huacha doa la kahawia linalopenya karatasi. Tumia bahasha ya poliesta, si plastiki ya PVC, na kadibodi isiyo na asidi nyuma yake.

Kuna ukungu mweupe. Niifute kwa kitambaa chenye maji?

Maji yatauingiza ndani, na rangi iliyopakwa kwa mkono itachuruzika. Iache ikauke kabisa mahali penye hewa, mbali na picha nyingine. Ukungu ukishakuwa unga, vaa barakoa, nenda nje, piga brashi laini kuelekea pembeni. Kisha hama kabati: unyevu ukizidi asilimia 65, ukungu utarudi.

Nibandue stempu niiuze peke yake?

Hapana. Stempu, muhuri na picha ni ushahidi mmoja.