Tamko la 1789 halikuwakomboa watumwa wa Haiti

Mkuu, umeuliza kama Tamko la Haki za Binadamu la Ufaransa la 1789 ndilo lililowakomboa watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa, Haiti ya leo. Hapana. Lilisema watu huzaliwa huru na sawa, lakini kwenye mashamba ya miwa viboko viliendelea vilevile. Watumwa wenyewe ndio walioinuka, Agosti 1791. Sonthonax, mjumbe wa Ufaransa, alitangaza uhuru kaskazini mwaka 1793 kwa kuwa alihitaji wapiganaji. Paris ikafuata Februari 1794. Mwaka 1802 jeshi la Napoleon likamkamata Toussaint Louverture, kiongozi wa watumwa walioinuka, na mwaka uliofuata akafia ngomeni Ufaransa, kwenye baridi ya milima ya Jura. Huwa inaniuma sana hapo. Dessalines, jenerali wa Toussaint, akatangaza taifa huru Januari 1, 1804.