Maswali na majibu: Kuhakiki albamu za roki na hevi metali

Swali: Albamu isikilizwe mara ngapi kabla ya kuandikiwa uhakiki?

Jibu: Isikilizwe mpaka uweze kuutambua kila wimbo bila kutazama orodha. Albamu ya kwanza ya Black Sabbath, bendi ya Uingereza, iliyotoka Februari 1970, ilibezwa na wahakiki wengi wa wakati ule, ilhali leo hutajwa kuwa chimbuko la hevi metali.

Swali: Nitauelezaje “uzito” wa muziki huu kwa mtu asiyepiga gitaa?

Jibu: Mweleze uzito huo unakotoka. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia kiwandani Birmingham akiwa na miaka 17, na kwa kuwa anatumia shoto, hivyo ndivyo vidole vyake vya kubana nyuzi. Alijitengenezea vifuniko kwa plastiki ya chupa iliyoyeyushwa, akafunga nyuzi nyembamba, kisha akaanza kuzilegeza, hata katika nyimbo kadhaa za albamu ya Master of Reality (1971) sauti ya gitaa imeshushwa nusu toni tatu, na Geezer Butler, mpiga besi wa bendi hiyo, akashusha besi yake vilevile. Sikiliza “Into the Void”: gitaa na besi vinafuata njia moja, chini kabisa, na kila pigo linaacha mvumo unaoendelea kabla ya pigo linalofuata. Mhakiki akiyaandika hayo, msomaji anaweza kwenda kuyasikia mwenyewe; akiandika “nzito sana” tu, hajamwambia chochote.

Swali: Katika ...And Justice for All, albamu ya bendi ya Metallica (1988), besi karibu haisikiki. Je, niishushe alama?

Jibu: Ndiyo, lakini utenganishe utunzi na uchanganyaji wa sauti. Mpiga besi Jason Newsted, aliyechukua nafasi ya Cliff Burton aliyefariki katika ajali ya basi Sweden mwaka 1986, alirekodi sehemu zake kikamilifu. Ni katika kuchanganya sauti ndipo besi iliposhushwa, na ngoma zikabaki kavu. Nyimbo zenyewe ni ndefu, zenye kona nyingi, na kwa maoni yangu zimetungwa kwa ustadi mkubwa. Ukitoa hukumu moja ya jumla, utakuwa umewaonea watunzi au umewafichia wachanganyaji.

Swali: Duma, kundi la muziki la Nairobi, wapimwe kwa kipimo hichohicho cha bendi za Uingereza na Marekani?

Jibu: Wapimwe kwa kile walichokusudia. Albamu yao ya mwaka 2020, iliyotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, imejengwa juu ya midundo ya kielektroniki inayokimbia kwa kasi kubwa, huku mwimbaji Martin Khanja akipiga mayowe katikati ya kelele hizo. Anayetafuta humo solo za gitaa atakosa kuisikia kazi iliyofanywa na sauti ya Khanja, ambayo ndiyo inayostahili aya ndefu kuliko zote katika uhakiki wako.